Je, wajua kwa nini Messi aliongoza ligi ya Marekani na bado ubingwa ukaenda kwa wengine?

Alfajiri ya Jumapili, 10 Novemba 2024 kwa saa zetu, Lionel Messi alipiga kichwa, mpira ukajaa wavuni, na uwanja wa Fort Lauderdale pale Florida ukalipuka kwa shangwe. Dakika ya 65: Inter Miami 2, Atlanta United 2. Dakika kumi na moja baadaye kiungo wa Atlanta, Bartosz Slisz, akapachika la tatu. Miami wakasukuma mbele kila walichokuwa nacho, lakini golini alisimama Brad Guzan, mzee wa miaka 40, na hakuna kilichopita tena. Miami wakatolewa kwenye raundi yao ya kwanza ya mtoano, zile mechi za baada ya msimu ambazo kule ndizo zinazoamua bingwa.

Sasa geukia msimamo wa ligi. Katika msimu ule Miami walikuwa wamekusanya pointi 74, nyingi kuliko timu yoyote katika historia ya MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani na Kanada. Atlanta walikuwa na 40. Pengo la pointi 34! Huku kwetu timu ya namna hiyo ingekuwa imeshakatiza Kariakoo zamani, kombe liko juu ya gari la wazi na wachezaji wamekauka sauti. Kule wakapanda gari wakarudi nyumbani, na mwezi uliofuata ubingwa ukaenda kwa LA Galaxy.

"Kwa hiyo hizo pointi 74 zilikuwa za nini?" aliniuliza kijana mmoja kijiweni, kama vile mimi ndiye niliyeandika kanuni.

Swali ni zuri, na jibu lake halianzii kwenye soka. Linaanzia kwenye ule mchezo mwingine ambao Wamarekani ndio wanauita futiboli, wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Ligi yao, NFL, hadi mwaka 1932 ilikuwa inatoa ubingwa kwa kuangalia msimamo tu, kama tunavyofanya sisi. Hapakuwa na fainali. Ila hesabu yao ilikuwa ya ajabu: sare hazikuhesabiwa kabisa. Ulichukuliwa ushindi, ukapimwa dhidi ya vipigo, na sare zikatupwa pembeni kana kwamba mechi haikuchezwa. Isitoshe, timu hazikucheza idadi sawa ya mechi.

Msimu wa 1932 ulipoisha, Chicago Bears walikuwa wameshinda mechi 6, wamefungwa 1, sare 6. Portsmouth Spartans nao ushindi 6, kipigo 1, sare 4. Green Bay Packers walishinda 10, wakafungwa 3, wakatoka sare 1. Ukitupa sare, Bears na Spartans wamelingana kileleni, ushindi sita kati ya mechi saba, na Packers wako chini yao. Ukihesabu kwa pointi tatu za leo, Packers wana 31, Bears 24, Spartans 22. Timu iliyoshinda mechi nyingi kuliko zote haikuingia hata kwenye mjadala wa ubingwa!

Ikabidi Bears na Spartans wapewe mechi moja ya nyongeza, 18 Desemba 1932. Chicago ilikuwa imefunikwa na theluji, baridi ya kupasua mifupa, basi mechi ikahamishiwa ndani ya ukumbi wa Chicago Stadium. Siku chache kabla yake palikuwa na sarakasi mle ndani, na udongo uliomwagwa kwa ajili ya wanyama ndio uliogeuka uwanja. Nafasi haikutosha, kwa hiyo uwanja ukafupishwa hadi yadi 80. Bears wakashinda 9-0. Mwaka uliofuata ligi ikagawanywa makundi mawili, vinara wakakutana fainali, na tangu hapo haikurudi nyuma. Mechi ya dharura, iliyochezwa juu ya udongo wa wanyama wa sarakasi, ikawa desturi ya taifa. (Kwenye besiboli walishaanza mapema zaidi, mwaka 1903, mabingwa wa ligi mbili tofauti walipokutana kumaliza ubishi.)

MLS ilipoanza mwaka 1996, wazo kwamba msimu unachuja na mtoano unatawaza lilikuwa ndani ya damu ya watazamaji wake. Wala si ukaidi mtupu, maana kuna sababu ya hesabu. Leo ligi ina timu 30. Zikikutana zote nyumbani na ugenini, kila moja itacheza mechi 58. Nani ataziweza? Badala yake kila timu inacheza 34: inakutana mara mbili na wenzake wa kanda yake, mashariki au magharibi, na kutoka kanda ya pili inakutana na timu sita tu, mara moja. Na nchi zenyewe ni kubwa mno. Kutoka Vancouver hadi Miami ni karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Accra. Kwa hiyo pointi 74 za Miami na pointi za Galaxy hazikutafutwa kwa wapinzani wale wale. Ni wanafunzi wawili waliofanya mitihani tofauti. Ukisema huyu ni bora kwa sababu ana alama nyingi, mwenzake ana haki ya kukuuliza maswali yalikuwa yapi.

Pili, kule hakuna kushuka daraja. Timu ikiwa ya kumi na mbili mwezi wa nane, haina cha kuogopa. Bila tumaini la mtoano mashabiki wataenda ufukweni. Ndiyo maana mlango wameuacha wazi: timu 18 kati ya 30 zinaingia. Mimi naona hapo wamezidisha ukarimu. Mtihani ambao zaidi ya nusu ya darasa wanafaulu hauna haja ya kuitwa mchujo.

Je, basi, kuongoza msimu kuna maana yoyote?

Mashabiki wenyewe walijibu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walichangishana pesa zao mfukoni wakatengeneza ngao ya kumpa anayemaliza msimu na pointi nyingi zaidi, kwa sababu ligi haikuwa na zawadi ya aina hiyo. Tuiite Ngao ya Mashabiki, na tusiichanganye na Ngao yetu ya Jamii, ambayo ni ya kufungulia msimu. Hii ya kwao ni malipo ya jasho la miezi minane. Wanaoisimamia waliwahi kutangaza mwaka 2020 kwamba haitatolewa kwa sababu ya korona. Kelele zilizopigwa ziliwafanya wabadili uamuzi ndani ya siku chache. Kitu kisicho na maana hakipigiwi kelele vile.

Lakini kuinua ngao na kombe msimu mmoja ni shughuli pevu. Katika misimu 30, tangu 1996 hadi 2025, imetokea mara nane tu. Mara ishirini na mbili aliyekuwa bora kwa pointi alimtazama mwingine akinyanyua kombe. Chukua 2016. FC Dallas, klabu ambayo baadaye ilimsajili Bernard Kamungo, kijana aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, walitwaa ngao. Wakatolewa na Seattle Sounders. Seattle wakaenda fainali dhidi ya Toronto, wakacheza dakika 120 bila kupiga shuti hata moja lililolenga goli, wakashinda kwa penalti. Naam, mabingwa.

Soka ndiyo mchezo mbaya zaidi wa kuupeleka kwenye mtoano kama unataka kumjua aliye bora. Mabao ni machache, na penye bao moja au mawili, kona moja inayodunda vibaya inatosha kugeuza kila kitu. Kwenye mechi 34 bahati inakuja na kuondoka, leo kwako, kesho kwangu, mwishowe inabaki timu. Kwenye mechi moja haina muda wa kusawazika. Ndiyo maana mimi nikitaka kujua nani alikuwa timu bora ya mwaka naangalia msimamo, hata kama una kasoro zake za kanda na ratiba. Kombe linaniambia nani alishinda mechi za mwisho. Hayo ni maswali mawili, na wengi wanayajibu kama moja.

Na kuna wakati ngao inalipa kuliko kombe. Tarehe 19 Oktoba 2024 Miami walimaliza msimu kwa kuwafunga New England Revolution 6-2, Messi akiingia kutoka benchi na kufunga matatu ndani ya dakika 11. Baada ya filimbi akaingia uwanjani Gianni Infantino, rais wa FIFA, akatangaza kwamba nafasi ya mwenyeji katika Kombe la Dunia la Klabu la 2025 ni ya Miami. Mtoano haukuwa umeanza! Wiki tatu baadaye Atlanta wakawatoa, Galaxy wakawa mabingwa, na Juni ilipofika Galaxy wakabaki nyumbani wakitazama. Messi aliifungia Miami bao la friikiki wakiilaza Porto 2-1, tena katika uwanja wa Atlanta United, wale wale waliomlaza mapema Novemba. Walitolewa na PSG 4-0 katika 16 bora, lakini walifika. Galaxy, mabingwa watetezi, waliuanza msimu wa 2025 kwa mechi 16 za ligi bila ushindi hata mmoja.

Msimu huo huo Miami walimaliza wa tatu kanda ya mashariki na pointi 65, tisa pungufu ya zile 74. Safari hii mtoano ukawakubali. Tarehe 6 Desemba wakaifunga Vancouver ya Thomas Müller 3-1, na Messi akanyanyua kombe. Ngao ya 2024, kombe la 2025.

Ukitaka kumwona mwenye uchungu wa kweli, nenda Philadelphia. Philadelphia Union walishinda ngao mwaka 2020, ile iliyokaribia kutotolewa, wakatolewa raundi ya kwanza nyumbani. Mwaka 2022 walimaliza na pointi 67 sawa na LAFC, klabu nyingine ya Los Angeles, ngao ikaenda kwa LAFC kwa wingi wa ushindi. Wakakutana fainali, wakawa wanaongoza 3-2 hadi dakika ya nane ya nyongeza juu ya zile 120, Gareth Bale akasawazisha kwa kichwa, na penalti zikawamaliza. Mwaka 2025 wakaongoza tena kwa pointi 66, wakachukua ngao ya pili, na New York City wakaja kwao wakawafunga 1-0. Kabatini mwao kuna ngao mbili, na kombe la ligi bado hawajaligusa.