Je, televisheni huzaa ukatili? Maana ya uchokozi wa kuigwa

Wezi wenye silaha wakipita usiku Katuba au Ruashi, mitaa ya Lubumbashi huku Kongo, asubuhi mtaani hakosekani mzee wa kusema: "Ni mafilme njo inaharibishaka batoto." Wengine huongeza mfano wa Kuluna, yale magenge ya mapanga ya Kinshasa, kwamba nao walianzia mbele ya skrini. Lawama hiyo imezeeka. Sinema ililaumiwa hivyo hivyo kabla televisheni haijaingia majumbani. Wanasaikolojia nao wana jina la kile anachokishuku mzee wetu: uchokozi wa kuigwa. Maana yake ni tabia ya kushambulia ambayo mtu ameipata kwa kumtazama mwingine akiifanya, bila kufundishwa na bila kupewa zawadi yoyote.

Dhana hiyo ilipata umaarufu kwa kazi ya Albert Bandura katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1961. Alichukua watoto 72 wa miaka mitatu hadi sita. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimshambulia mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo, wa aina ile yenye uzito chini, ukimwangusha anainuka. Mtu huyo alimkalia, akamgonga kwa nyundo ya kuchezea, akamrusha juu huku akitamka maneno ya shari. Kisha watoto walionyeshwa vitu vizuri vya kuchezea, wakanyang'anywa mara tu walipoanza kunogewa, wakapelekwa na kinyongo chao kwenye chumba chenye mwanasesere. Waliokuwa wameona kipigo walikirudia, wengine hadi maneno yenyewe. Mwaka 1963 Bandura alirudia kwa kutumia filamu, na filamu ikafanya kazi ileile ya mtu aliye hai.

Wapinzani walikuwa na jibu la haraka, nami naliona lina uzito: mwanasesere yule ametengenezwa ili apigwe. Mtoto anayempiga huenda ameelewa tu kwamba mchezo wa chumba hiki ndio huu. Ingia lupango (ua wa nyumba) lolote la Katuba baada ya filamu ya karate. Wavulana wanarusha mateke hewani, mmoja amejitangaza bosi, mwingine amefunga kitambaa kichwani, wanaguna kila pigo kama walivyosikia. Teke moja likimpata mdogo mbavuni, analia, na wote wanasimama wakiangalia mlango kama mama ametokea. Uigaji umekamilika pale, hadi mlio wa pigo, lakini nia ya kuumiza hakuna. Uchokozi wa kuchezea, uchokozi wa kweli na uhalifu ni mambo matatu, na utafiti mwingi umepima la kwanza, kisha magazeti yakaandika la tatu.

Ili kuona zaidi ya dakika chache za maabara, Leonard Eron na wenzake walianza mwaka 1960 kufuatilia mamia ya watoto wa miaka minane hivi katika jimbo la New York. Miaka kumi baadaye, wavulana waliopenda vipindi vya mapigano utotoni ndio waliotajwa zaidi na wenzao kuwa wagomvi. Uhusiano ulikuwepo, ila wa wastani, na mambo mawili kufuatana haimaanishi moja limezaa jingine. Mtoto mwenye hasira anaweza pia kuwa ndiye anayechagua filamu za ngumi. (Kuna wanaosema kinyume kabisa, kwamba filamu ya mapigano humtoa mtu hasira. Wazo hilo lilipopimwa halikupata msaada wa maana.)

Ushahidi ninaoupenda mimi ni wa mahali ambapo televisheni ilichelewa kufika. Mji mmoja mdogo wa Kanada, ambao watafiti waliuita Notel kuficha jina lake, ulikuwa bondeni ambako mawimbi hayakufika hadi mwaka 1973. Miaka miwili baada ya televisheni kuingia, watoto walipigana na kutukanana viwanjani kuliko zamani. Kisiwa cha St Helena, katikati ya Bahari ya Atlantiki, kilipata televisheni ya setilaiti mwaka 1995. Watafiti waliwatazama watoto shuleni kabla na baada ya hapo, wakatarajia mambo yaharibike. Hayakuharibika. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kisiwani watu ni elfu chache, kila mtoto anajulikana ni wa nani, na hakuna pembe asipoonwa. Na Marekani kwenyewe, uhalifu wa kutumia nguvu ulishuka sana kuanzia miaka ya 1990, wakati skrini zikizidi kujaa.

Sisi Kongo tuna mfano wetu, tena wa kabla ya televisheni. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walikolezwa na filamu za kaboi, wachunga ng'ombe wenye bastola wa Marekani. Wakajiita Mabill, kwa jina la Buffalo Bill, shujaa wa filamu hizo, wakavaa na kutembea kama kaboi, wakagawana mitaa, wakapigania mipaka yake, na wakatunga lugha yao, Hindubill, ambayo jina lake linasikika hadi katika Kindubile cha vijana wa Lubumbashi. Wakubwa wa ukoloni waliogopa sinema, wakaweka wachujaji wa filamu za kuonyeshwa Waafrika. Lakini filamu zile ziliwapa vijana kofia, majina na mwendo. Kukosa shule na kazi, na kubaguliwa katika mji wao wenyewe, walikukuta palepale mtaani. Kwa maoni yangu hapo ndipo dhana hii inapoeleweka vizuri: skrini humpa mtu namna ya kufanya, ila sababu ya kufanya mtu huitoa kwingine. Ndiyo maana filamu moja huonwa na vijana mia na mmoja tu ndiye anayeshika panga.

Athari ambayo haitajwi sana mitaani ni hofu. George Gerbner, mtafiti mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliona kwamba wanaotazama televisheni kwa saa nyingi huidhania dunia kuwa ya hatari kuliko ilivyo, na huwaamini watu kidogo. Wengi wao hawajawahi kumpiga mtu. Lubumbashi kipimo hiki ni kigumu kidogo, maana mama anayefunga mlango saa moja jioni huenda jirani yake aliibiwa juzi. Ila video za maiti zinazozunguka kwenye simu, bila tarehe wala mahali, zinafanya kazi ileile aliyoieleza Gerbner, na kwa kasi kubwa zaidi.

Kwa watoto wadogo, wa chini ya miaka saba hivi, jambo ni zito zaidi, kwa kuwa bado hawajajua vizuri kutenganisha mchezo wa filamu na tukio la kweli. Hao ndio wanaolala kwenye mkeka sebuleni wakati wakubwa wanamalizia filamu baada ya bukari (ugali). Majaribio ya miaka ya 1960 yalionyesha kwamba mkubwa akikaa na mtoto na kusema wazi, "huyo amefanya vibaya," mtoto huiga kidogo. Kulikuwa na sharti: mkubwa awe bado chumbani. Akishatoka, maneno yake hupoteza nguvu. Na umeme ukikatika nyumbani, watoto huhamia kwenye kibanda cha video chenye jenereta, ambako mkubwa pekee ni yule anayekusanya pesa mlangoni.