Je, wajua? Kwa nini tela la lori linajifunga breki upepo ukiisha, na tela dogo linafaa kuwa na breki gani

Ukiona lori limeegeshwa, tela halisogei hata usukume vipi na dereva anasema upepo, yaani hewa iliyobanwa ya breki, umeisha, wengi wanadhani breki zimeharibika. Hapana, hapo breki zinafanya kazi yake kabisa.

Iko hivi. Busta za breki za tela (makopo yanayogeuza upepo kuwa msukumo), zile za kushikilia gari likiegeshwa, zina vyumba viwili. Chumba cha kwanza kinapokea upepo dereva akikanyaga, upepo unasukuma fimbo, fimbo inazungusha kemu (chuma cha kutanua breki), breki shuu zinatanuka zinabana dramu, lile duara la chuma linalozunguka na tairi. Hiyo wengi wanaijua. Sasa chumba cha pili ndani yake kuna springi nene sana ambayo muda wote inataka kusukuma fimbo ileile ifunge breki, na kinachoizuia ni upepo tu, basi. Lori likiwa barabarani geji inasoma kama psi (kipimo cha presha) 100 mpaka 125 hivi na springi imekandamizwa, lakini upepo ukivuja ukashuka mpaka huko kati ya psi 45 na 20 springi inashinda, tela linafunga, hata kama hakuna mtu kwenye usukani. Ndiyo maana nasema na narudia, hiyo busta ya springi isifunguliwe na fundi ambaye hajaifunga kwanza kwa ile bolti yake maalum, springi ikichomoka inaua, na imeshaua mafundi.

Wazo hili lilianzia kwenye treni. George Westinghouse mwaka 1869 alitengeneza breki ya upepo ambayo upepo ulikuwa unasukumwa kwenda kufunga, ilifanya kazi vizuri, ila paipu likikatika treni nzima haina breki. Kwa hiyo mwaka 1872 akaja na mfumo uliogeuzwa, kila behewa likawa na tangi lake na valvu yake, presha kwenye paipu kuu ikishuka ndio breki zinafunga. Malori yamerithi fikra hiyohiyo. Yale mapaipu mawili unayoyaona kati ya kichwa na tela, jekundu linajaza matangi ya tela muda wote, na lingine, la njano au la bluu kutegemea lori limetoka wapi, linabeba amri ya mguu wa dereva. Jekundu likikatika tela linajifunga lenyewe.

Sasa tuje kwa matela madogo ya kuvutwa na pikapu au gari la kawaida, maana hapa ndipo watu wanakosea zaidi kuchagua. Cha kwanza ni uzito, na ninasema uzito wa tela LIKIWA NA MZIGO sio lile tupu ulilonunua. Sheria za Ulaya zinaruhusu tela lisilozidi kilo 750 likose breki kabisa, kuanzia hapo mpaka kilo 3500 linaweza kutumia breki ya kusukumwa, zaidi ya hapo breki ya kusukumwa hairuhusiwi tena. Hata kama nchi yako haifuati sheria hizo, mimi ningezitumia kama kipimo.

Breki ya kusukumwa ni rahisi kuielewa. Gari likipunguza mwendo tela linataka kuendelea, kichwa cha tela, pale linaposhikana na gari, kinasukumwa kirudi nyuma, na huo msukumo ndio unavuta waya au unasukuma mafuta ya breki mpaka kwenye shuu. Haihitaji waya wa umeme wala kifaa ndani ya gari, kwa hiyo gari lolote lenye ndoano ya saizi yake linaweza kulivuta, na kama matela yako yanavutwa na magari tofauti tofauti hiyo ni faida kubwa. Shida yake iko mteremkoni. Tela linasukuma gari njia nzima, breki zake zinabana njia nzima, dramu inapata moto inatanuka na kuikimbia shuu, na wewe huna namna ya kuiambia iachie. Tena haiwezi kufunga tela peke yake.

Breki ya umeme inaweza, na kwangu hiyo ndio sababu kubwa ya kuichagua kwa tela zito. Ndani ya dramu kuna sumaku ya umeme, ukikanyaga breki kifaa kilicho karibu na usukani kinapeleka umeme, sumaku inang'ang'ania uso wa dramu unaozunguka, inaburutwa kidogo na mkono wake unatanua shuu. Tela likianza kuyumba kulia kushoto usikanyage breki ya gari kwa nguvu, utalikaribisha lije mbele likukunje, achia mafuta taratibu na ubonyeze kitufe cha mkono kwenye kile kifaa, kinachofunga breki ya tela peke yake, litavutwa nyuma na kunyooka. Chagua kifaa kinachopima jinsi gari linavyopunguza mwendo, sio kile kinachopandisha umeme kwa kuhesabu muda tu, hicho cha pili kinafunga vilevile hata ukigusa breki kidogo.

Tela la boti ni habari nyingine, linaingia majini, sumaku na dramu zinaoza haraka, huko weka diski za mafuta na uzioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila ukitoka baharini.

Ile kamba ndogo ya dharura inayofunga breki tela likichomoka, ifunge kwenye mwili wa gari, sio kwenye mpira wa ndoano (ile tufe ya chuma tela linapokaa), maana mpira ukitoka utaondoka na kamba yake. Na kama umeweka ya umeme, tafuta barabara tupu, nenda kama kilomita 40 kwa saa, bonyeza breki ya tela peke yake, pandisha nguvu mpaka tairi zikaribie kukwama halafu rudisha kidogo, na ukibadilisha mzigo rudia upya.