Nabii wa siku tatu: dhana potofu kuhusu maandishi ya kanisa la kwanza

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaijua tangu utotoni. Wachache wanajua kwamba Wakristo wa mwanzo kabisa, huko upande wa Shamu na jirani zake, walikuwa na kanuni karibu sawa na hiyo, tena wakaiandika. Imo katika kijitabu kiitwacho Didake, yaani Mafundisho. Nitakirudia, maana ndicho kilichonifanya nianze kuandika. Kwanza tusafishe njia kwa kupitia dhana potofu zinazosikika mara kwa mara.

"Biblia ilipangwa Nisea mwaka 325. Konstantino alichagua vitabu alivyovitaka."

Hii ndiyo inayotembea kuliko zote. Ni kweli Kaisari Konstantino ndiye aliyeuitisha Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano wa maaskofu uliofanyika katika mji huo, Uturuki ya leo. Lakini kilichowakutanisha maaskofu ni ubishi wa Ario, padri wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, pamoja na suala la tarehe ya Pasaka. Kanuni 20 walizopitisha zipo mpaka leo, na unaweza kuzimaliza kabla chai haijapoa. Ya 17 inawakataza makasisi kukopesha kwa riba. Ya 20 inataka watu wasali wamesimama siku ya Jumapili, wasipige magoti. Orodha ya vitabu vya Biblia huikuti popote. Ile simulizi kwamba vitabu vilirundikwa madhabahuni, vya uongo vikaanguka vyenyewe, imo katika maandishi ya karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baada ya mkutano.

Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya, bila kuzidi wala kupungua, iko katika barua ya Pasaka ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Nisea alikuwepo, lakini akiwa shemasi kijana. Barua ilikuja miaka 42 baadaye. Hata yeye hakuanza na karatasi tupu. Injili nne na nyaraka za Paulo zilikuwa zikisomwa makanisani tangu karne ya 2. Kilichobaki kubishaniwa ni vitabu vya pembezoni kama 2 Petro, Yuda, Waebrania na Ufunuo.

"Vitabu vingine vyote vilifichwa."

Barua hiyohiyo ya Atanasi inajibu. Baada ya kutaja vitabu vya kanuni, yaani vinavyohesabiwa kuwa Biblia, anasema viko vingine visivyohesabiwa humo ambavyo mababa waliviweka visomwe na watu wanaoingia kanisani wakitaka kufundishwa. Anavitaja kwa majina, na kati yake mna Didake na Mchungaji wa Herma, kitabu cha maono na mafundisho. Codex Sinaiticus, nakala ya Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4 iliyotunzwa katika monasteri ya Mlima Sinai, ina Barua ya Barnaba na Mchungaji baada ya Ufunuo. Mtu anayeficha kitabu hakishoni ndani ya Biblia yake.

Viko vilivyokataliwa kweli, na Atanasi anavishambulia bila kumung'unya maneno. Lakini kukataa kitu mbele za watu ni tofauti na kukifukia. Didake yenyewe ilipotea kwa sababu ya kawaida mno: sheria zake ziliingizwa katika vitabu vikubwa zaidi vya taratibu za kanisa, na watu wakaacha kuinakili. Mwaka 1873 msomi wa Kiorthodoksi, Philotheos Bryennios, aliikuta mjini Konstantinopoli katika hati iliyonakiliwa mwaka 1056. Akaichapisha mwaka 1883.

"Kanisa la kwanza halikuwa na migogoro."

Laiti. Mwishoni mwa karne ya 1 waumini wa Korintho, walewale waliowahi kumsumbua Paulo, waliwang'oa wazee wao wa kanisa. Kanisa la Roma likawaandikia barua ndefu, ile inayoitwa ya Klementi ingawa ndani yake jina lake halimo, likiwasihi watubu na kuwarudisha. Kinachonigusa ni kilichofuata. Karibu mwaka 170 askofu wa Korintho alieleza kwamba barua ile ilikuwa bado inasomwa kanisani kwao. Yaani walikemewa, wakaitunza barua ya kukemewa, na wajukuu wao wakaendelea kuisikia ikisomwa ibadani. Sisi tungeichana.

"Hayo maandishi ya mababa wa kanisa ni mambo ya Wakatoliki, tena ya Wazungu."

Fungua kazi za Luther na Calvin, waanzilishi wa Uprotestanti, uhesabu wanamnukuu Augustino, mmoja wa mababa hao, mara ngapi. Na Augustino alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo. Tertuliani na Sipriani walikuwa wa Karthago, Tunisia ya leo. Origeni na Atanasi wa Aleksandria, Misri. Karthago hiyohiyo mwaka 203 mama kijana aitwaye Perpetua, mwenye mtoto wa kunyonya, aliandika habari za siku zake gerezani kabla ya kuuawa, moja ya maandishi machache tuliyo nayo ya mwanamke Mkristo wa zama hizo.

Sasa Didake. Wataalamu wengi wanaiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Inaagiza kufunga Jumatano na Ijumaa, na kusali Baba Yetu mara tatu kwa siku. Wanaogombana kuhusu maji ya ubatizo wangepata la kuzungumza humu: bora maji yanayotiririka, yakikosekana, maji mengine, ya baridi yakishindikana, ya moto, yote yakiwa hayatoshi, mimina kichwani mara tatu. Nukta. Hakuna aliyetishiwa jehanamu kwa ajili ya kina cha maji.

Dhana ninayoisikia zaidi siku hizi ni kwamba zamani nabii alikuwa hahojiwi, alisema na watu wakatii. Didake inaonya kweli kwamba anenaye katika Roho asijaribiwe. Halafu inasema mwenendo wake utazamwe. Mtume anayepita apokelewe kama Bwana, akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Akiagiza chakula akiwa katika Roho kisha akakila mwenyewe, vilevile. Akiomba apewe kitu kwa ajili ya wahitaji wengine, asihukumiwe na mtu.

Msafiri wa kawaida naye anapewa siku mbili au tatu. Akitaka kuhamia na ana ufundi, afanye kazi ale. Jembe lenyewe hilo. Akikataa, kitabu kina neno la Kigiriki kwa mtu wa aina hiyo, ambalo kwa lugha yetu ni mchuuzi wa Kristo.

Haimaanishi watumishi wafe njaa. Nabii wa kweli anayekaa na watu anastahili chakula chake, na anapewa malimbuko ya divai, nafaka, ng'ombe na kondoo. Na kama hamna nabii kwenu, kinasema kitabu, wapeni maskini.