Emuleta: mashine isiyoshikika

Mpwa wangu alinikuta barazani, Ngamiani, simu mkononi na uso umekunjana. "Shikamoo mjomba. Hii emuleta mbovu. Nimeshusha gemu ya PS2, bando zima limekwenda, na haifunguki." Nikaipokea simu. Programu aliyoiweka ilikuwa PPSSPP, na haikuwa na ubovu wowote. PPSSPP huendesha gemu za PSP, ile mashine ndogo ya mkononi iliyotolewa na Sony mwaka 2004, naye alikuwa akiilisha gemu ya PS2, yaani PlayStation 2, mashine kubwa ya nyumbani ya Sony hiyo hiyo. Kachukua ufunguo wa kufuli la baiskeli akaenda kufungulia duka, sasa anamlaumu fundi.

Kosa hilo si lake peke yake. Vijana wengi husema "nina PPSSPP" kana kwamba ndiyo gemu yenyewe.

Emuleta ni programu inayoigiza mashine. Narudia: mashine, si gemu. Ndani ya simu au kompyuta yako inajengwa Nintendo, Sega au PlayStation isiyoshikika, isiyo na plastiki wala waya, inakaa pale ikisubiri kuchomekwa gemu. Gemu ni faili jingine kabisa. Ikiwa asili yake ni kaseti, faili huitwa ROM, kwa kuwa limenakiliwa kutoka kwenye chipu ya kaseti. Ikiwa ni CD au DVD, huitwa imeji ya diski, na wengi husema ISO tu. Bila faili hilo, emuleta ni banda la gemu lenye televisheni na pedi lakini halina hata diski moja.

Tanga yetu ni mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, kwa hiyo nilimweleza kwa taarabu. Kinanda cha umeme ukikibonyeza kitufe fulani kinatoa sauti ya akodiani, na akodiani haipo. Kinanda hicho hakijui wimbo hata mmoja. Kinachojua ni jinsi akodiani inavyolia. Mpigaji akija na wimbo wowote uliotungiwa akodiani, utapigika. Akija na wimbo wa zumari, itabidi atafute kitufe kingine. Emuleta ndivyo ilivyo: ukishaiga ala vizuri, nyimbo zake zote zinafuata. Kuna jambo jingine linalofanana na hili lakini si hili: kampuni inapochukua gemu yake ya zamani na kuiandika upya ili iingie kwenye simu. Hapo ala haikuigwa, wimbo ndio uliopangwa upya.

Sasa tuingie jikoni, maana hapa ndipo penye utamu.

Famicom, Nintendo ya kwanza ya kaseti, ilianza kuuzwa Japani mwaka 1983. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ilikwenda kwa megahezi 1.79 (mapigo milioni 1.79 kwa sekunde), na memori yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2. Super Mario Bros. yote, na kobe wake na mabomba yake, ni kilobaiti 40. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp inaizidi. Lakini prosesa ile ilikuwa na lugha yake, na prosesa ya simu yako ina lugha nyingine. Gemu inapotoa amri, simu haielewi kitu. Emuleta inakaa katikati kama mkalimani.

Ukalimani huo una namna mbili. Fikiria bibi mgeni kutoka Lushoto anazungumza Kisambaa, nawe unamtafsiria shangazi Kiswahili, sentensi moja baada ya nyingine. Bibi akirudia hadithi ileile mara kumi, nawe unaitafsiri mara kumi. Ni kazi ya uhakika ila ya polepole, na kwa mashine ndogo kama Famicom inatosha. Namna ya pili ni kuandika tafsiri kwenye daftari mara ya kwanza. Bibi akirudia, unasoma tu ulichoandika. Emuleta za mashine kubwa hufanya hivyo: hutafsiri kipande kizima cha amri, hukihifadhi, kisha hukitumia tena na tena. Bila ujanja huo, PS2 kwenye simu ingetembea kama konokono.

Hapo mpwa akanibana: "Simu yangu ina gigahezi 2, mjomba. PS2 ilikuwa na ngapi?" Megahezi 294. Kwa hesabu ya haraka simu inaizidi karibu mara saba, kwa nini basi ikwame? Kwa sababu PS2 haikuwa prosesa moja. Pembeni ya ile kubwa kulikuwa na vitengo viwili vya hesabu za vekta, chipu ya picha, chipu ya sauti, na prosesa ya kusimamia pedi na diski, ambayo ni ile ile iliyoendesha PlayStation ya kwanza. (Ndiyo maana PS2 ilicheza diski za PS1 bila taabu.) Wote hao walifanya kazi kwa pamoja, kila mmoja akimsubiri mwenzake kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kumwigiza mpigaji mmoja ni rahisi. Kuigiza kundi zima, na mdundo usipotee, ni shughuli. PSP ni nafuu kwa sababu gemu zake ziliomba mambo mengi kwa mfumo endeshi wa mashine, nayo PPSSPP hujibu maombi hayo yenyewe moja kwa moja, haina haja ya kuigiza kila kilichomo ndani ya mfumo ule.

Basi kila emuleta imeamua jambo moja: iige kwa usahihi kiasi gani? ZSNES, iliyotoka mwaka 1997, iliwawezesha watu kucheza gemu za Super Nintendo kwenye kompyuta dhaifu za enzi hizo kwa kukata kona. Gemu nyingi hazikulalamika. Lakini katika Air Strike Patrol kivuli cha ndege hakikuonekana, nacho ndicho kinachokusaidia kulenga bomu, kwa kuwa gemu ilikichora kwa kubadili mambo wakati mstari wa picha ungali unachorwa kwenye televisheni. Speedy Gonzales ilikuwa mbaya zaidi: ukifika hatua fulani za mwishoni, ukakanyaga kitufe, gemu inaganda. Aliyeandika emuleta ya bsnes, aliyejulikana kwa jina la byuu, alieleza mwaka 2011 kwamba usahihi wa namna aliyoitaka unadai kompyuta ya gigahezi 3, kwa ajili ya mashine ambayo prosesa yake haikufika hata megahezi 4. Mimi binafsi namwelewa. Mtu mwingine atasema ni wazimu, na kwa simu ya bei ya chini yuko sahihi.

Kwa hiyo swali la "emuleta gani nzuri?" halijibiki. Uliza: ya mashine gani, na nitaiendesha kwenye nini?

Kwa Nintendo ya kaseti, Sega Mega Drive, Game Boy na Super Nintendo, simu yoyote ya leo inatosha, hata ile iliyopasuka kioo. Snes9x ni ya kuaminika kwa Super Nintendo. Kwa PlayStation ya kwanza, DuckStation ni chaguo langu kwenye kompyuta na kwenye simu yenye nguvu ya wastani. PSP ni PPSSPP, sina mjadala. PS2 kwenye kompyuta ni PCSX2. GameCube na Wii, mashine za Nintendo, ni Dolphin. Kwenye simu, PS2 ilikuwa na AetherSX2, ila mtengenezaji aliacha kuiendeleza mwaka 2023, na tangu hapo zimezagaa nakala bandia zenye jina lake. Programu ya gemu inayokuomba ruhusa ya kusoma meseji zako, jiulize inataka kucheza nini. Na anayekuahidi PS5 kwenye simu ya laki mbili, huyo mwache apite.

RetroArch nayo hutajwa sana. Yenyewe si emuleta, ni kabati: ndani yake unaweka emuleta nyingi, kila moja ikiitwa kiini, na unazitawala kwa mpangilio mmoja. Inafaa sana ukishaijua. Kwa anayeanza, menyu zake zinachosha kuliko foleni ya benki mwisho wa mwezi.

Kuna kitu kinaitwa BIOS, nacho huwakwamisha wengi kwenye PlayStation. Ni programu ndogo iliyokuwa ndani ya chipu ya mashine; katika PS1 ina kilobaiti 512 tu, na ndiyo inayoamka kwanza ukiwasha. Nintendo ya kaseti haikuwa nayo, PSP tumeshasema PPSSPP hujibu yenyewe, lakini DuckStation na PCSX2 zinaidai, wala haziji nayo. Sababu ni ya kisheria.

Kuandika emuleta si kosa. Sony iliishtaki kampuni ya Connectix, iliyouza emuleta ya PlayStation mwaka 1999, na mwaka 2000 mahakama ya rufani nchini Marekani ikaipa Connectix haki: kuichunguza BIOS ili kuandika programu yao wenyewe kulikuwa matumizi halali. Lakini BIOS yenyewe na gemu zenyewe zina wenyewe. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Njia safi ni kunakili diski na mashine ulizonazo, au kucheza gemu ambazo watunzi wake wamezitoa bure, na zipo, watu bado wanaandikia Nintendo ya mwaka 1983 gemu mpya. Mashine za sasa ni moto zaidi kisheria: watengenezaji wa Yuzu, emuleta ya Switch ya Nintendo, walikubali mwaka 2024 kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 na kufunga kazi. Kichekesho ni kwamba Sony ilipouza PlayStation Classic mwaka 2018, ile ndogo yenye gemu 20 ndani, kilichokuwa kikiziendesha ni PCSX ReARMed, emuleta ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, iliyoandikwa na watu wa nje ya Sony.

Ukishachagua, matumizi yana mitego yake midogo. Gemu ya PS1 mara nyingi huja faili mbili, moja ya .bin iliyo nzito na moja ya .cue nyepesi kama karatasi. Fungua .cue. Ndiyo ramani inayoeleza nyimbo ziko wapi kwenye diski, ukifungua .bin peke yake huenda ukacheza mbio za magari kimya kimya.

Ukiona gemu inajivuta, na muziki nao unajivuta kwa kiasi kilekile, usikimbilie kulaumu simu. Tazama kama ni toleo la Ulaya. Televisheni za huko, kama zetu, zilikuwa za PAL, picha 50 kwa sekunde, wakati za Japani na Marekani zilikuwa 60, na gemu nyingi zilihamishwa bila kurekebishwa kasi. Hiyo ndiyo kasi yake halali. Tafuta toleo la 60. Kama sauti inakatikakatika badala ya kujivuta, hapo simu ndiyo imeelemewa: shusha ukubwa wa picha hadi ule wa asili, jaribu kubadili kati ya Vulkan na OpenGL (njia mbili za kuchora picha, zimo kwenye mipangilio ya emuleta), na uitoe kwenye chaja. Simu ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na joto la Tanga la Februari halihitaji kusaidiwa.

Kuhusu kusevu, zipo njia mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya gemu yenyewe, kwenye memori kadi ya kuigiza. Ya pili ni ya emuleta: inapiga picha ya mashine nzima sekunde ileile, hata mpira ukiwa hewani. Hii ya pili ni tamu, ndiyo inayowafanya watu wamalize gemu walizoshindwa utotoni, lakini ukisasisha emuleta picha ya zamani inaweza kukataa kufunguka. Sevu ndani ya gemu pia. Nimepoteza ligi nzima kwa uvivu huo.

Vitufe vya kwenye kioo vinatosha kwa gemu za kufikiri. Kwa ngumi na mpira, pata pedi, hata ya waya na kiunganishi chake cha OTG, kile cha kuichomeka kwenye tundu la chaja la simu. Kidole kinachofunika nusu ya uwanja hakifungi goli.

Mpwa alikaa, akasikiliza, akauliza moja tu: "Kwa hiyo ile ya PS2 niifanyeje?" Nikamwambia aangalie inakula nafasi kiasi gani. Ilikuwa zaidi ya gigabaiti 4. Akaitazama kwa muda, akaifuta, kisha akaniomba ile PSP yangu ya zamani iliyolala kabatini, na diski zake.