Bodi ya shule ni nini, na korona iliibebesha mzigo gani?

Nchini Marekani, bodi ya shule ni baraza dogo la wananchi, mara nyingi watu watano au saba, linalosimamia shule za umma za wilaya moja ya elimu. Wilaya hizo zinazidi 13,000, na katika nyingi wajumbe huchaguliwa na wakazi kwa kura. Si lazima wawe walimu. Bodi hupitisha bajeti na sera, kisha humwajiri mtendaji mkuu wa kuendesha shule siku hadi siku. Vikao huwa wazi, na mwananchi hupewa dakika chache za kutoa maoni.

Machi 2020, agizo la kufunga shule lilitoka zaidi kwa magavana. Lakini kuzifungua tena, majimbo mengi yaliziachia wilaya. Hapo ndipo watu waliozoea kujadili mabasi na ukarabati wa mapaa walipotakiwa kuamua kama watoto warudi darasani, wasome kwa mtandao, au wachanganye vyote viwili kwa zamu.

Hawakuamua peke yao. Kwenye chama cha walimu chenye nguvu, barakoa, upimaji na hewa ya madarasa vilijadiliwa mezani kama masharti ya kazi, na kwa maoni yangu ilikuwa haki, maana mwalimu ndiye anayekaa chumbani humo siku nzima. Kulikuwa pia na vipimo vya kitaalamu. CDC, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, ilipendekeza futi 6 kati ya wanafunzi. Kwa umbali huo madarasa mengi hayakuweza kuwachukua wote kwa pamoja, ndiyo maana zamu zikaenea. Machi 2021 ilishusha umbali huo hadi futi 3 kwa madarasa mengi yenye kuvaa barakoa.

Bodi ya kuchaguliwa huwajibika kwa kura. San Francisco, ambako wazazi wengi walichoshwa na shule kukaa zimefungwa muda mrefu huku bodi ikishughulikia kubadili majina ya shule, wapiga kura waliwaondoa wajumbe watatu Februari 2022 kabla ya muda wao kwisha. Chicago mambo yalikuwa tofauti: bodi wakati huo iliteuliwa na meya, kwa hiyo Januari 2022, wilaya na chama cha walimu walipovutana hadi masomo yakasimama kwa siku tano, mzazi mwenye hasira hakuwa na mjumbe wa bodi wa kumnyima kura.