Nani hasa aliyeandika hadithi za wanasesere?

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba katuni za vitabu zilizotokana na wanasesere ni matangazo tu: kampuni inaagiza, mwandishi anatii. Mambo hayakuwa hivyo.

Chukua G.I. Joe, katuni ya wanasesere wa kijeshi, iliyoanza kuchapishwa na kampuni ya katuni ya Marvel mwaka 1982. Hasbro, watengenezaji wa wanasesere hao, walileta askari, lakini hawakuwa na adui. Wazo la Cobra, kundi la maadui, lilitoka upande wa Marvel. Mwandishi, Larry Hama, ndiye pia aliyeandika wasifu mfupi nyuma ya pakiti za wanasesere. Snake Eyes, mmoja wa askari hao, alitoka kiwandani mweusi mtupu kwa sababu ya kubana gharama za rangi. Hama akamgeuza kuwa askari bubu mwenye siri nzito, na mwaka 1984 akamtungia toleo zima la 21 lisilo na mazungumzo hata kidogo. Kwangu mimi, huo ni ujasiri wa msanii, si utiifu wa karani. Baroness, mwanamke wa kundi la Cobra, naye alianzia kwenye katuni; mwanasesere wake akafuata baadaye.

Masharti yalikuwepo, tena mazito. Wanasesere wapya walipoingia sokoni ilibidi waonekane hadithini, na wahusika wakafurika. Hapo mwandishi alibanwa kweli, ila zaidi kuhusu nani aingie kuliko moyo atakaopewa.

Na Rom? Mwanasesere huyo wa kampuni ya Parker Brothers, wa mwaka 1979, hakuuzika vizuri. Lakini katuni yake ya Marvel, iliyoandikwa na Bill Mantlo, iliendelea hadi 1986, matoleo 75.