Je, wajua mfumo endeshi wa Linux huwatenganishaje Kulwa na Doto?

Juzi fundi mmoja pale Makoroboi, Mwanza, alifungua kompyuta ya mezani akanionyesha kadi mbili za mtandao, kiwanda kimoja, toleo moja. "Hawa ni Kulwa na Doto," akasema. Alitaka Kulwa abaki na Linux yenyewe, Doto apewe mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa humo ndani. Tatizo ni kwamba kila alipomwita mmoja, waliitika wote wawili.

Kadi ya PCI, yaani ya kuchomekwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, haina jina la kujitambulisha. Hutaja namba: ya kiwanda, kisha ya aina ya kifaa. Realtek ni 10ec. Intel walijichagulia 8086, ile prosesa yao ya 1978 (majivuno kidogo, lakini haki yao). Kila draiva (programu inayokiendesha kifaa) huja na orodha ya namba inazozijua, na ikiona namba yake hukikamata kifaa. Ndiyo maana mapacha hukamatwa pamoja. Njia ya zamani, faili la new_id, huiongezea draiva namba mpya kwenye orodha. Kwa mapacha haisaidii kitu, maana namba yao ni moja.

Keneli (kiini cha Linux) toleo la 3.16, mwaka 2014, ikakipa kila kifaa cha PCI faili liitwalo driver_override. Ukiandika humo jina la draiva, kifaa kitaikubali hiyo tu, hata kama namba yake haimo kwenye orodha. Na hapa hatazamwi sura, huangaliwa anakaa wapi, yaani anwani yake ya PCI: Kulwa yuko 0000:03:00.0, Doto 0000:04:00.0.

Fundi alipakia kwanza vfio-pci, draiva inayokishika kifaa kwa ajili ya mashine pepe, kisha kama root (msimamizi mkuu wa mfumo) akaandika:

echo vfio-pci > /sys/bus/pci/devices/0000:04:00.0/driver_override
echo 0000:04:00.0 > /sys/bus/pci/devices/0000:04:00.0/driver/unbind
echo 0000:04:00.0 > /sys/bus/pci/drivers_probe

Mstari wa tatu huiambia Linux ikitafutie kifaa draiva upya. Mstari wa pili watu huusahau. Kuandika jina hakuing'oi draiva iliyokwisha kukalia kifaa. Lazima uiondoe mwenyewe. Ukikosea herufi ya jina, hakuna draiva itakayokigusa, kifaa kitakaa bure. Mbaya zaidi ni kutaja draiva isiyokijua kabisa kifaa hicho: Linux haitakubishia, na mashine inaweza kuganda.

Umeme ulipokatika jioni, Doto akarudi kwa draiva ya nduguye, kwa sababu faili hilo halidumu mashine ikizimwa. Sasa fundi ameiweka mistari ile kwenye skripti inayojiendesha mashine inapowaka. Anatafuta kadi ya tatu, na jina analo tayari: Shija, jina la anayezaliwa baada ya mapacha.